Muulize Sista: Betri ya moyo, lakini ipi?

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu betri ya moyo nikidhani nimemaliza. Barua zilizokuja zimejaza kapu ninalowekea vitunguu. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili, na karibu kila moja ina kosa lilelile: mtu anaandika "betri" kana kwamba ni kitu kimoja. Ziko tatu. Ya kwanza huukumbusha kupiga moyo uliozembea. Ya pili hukaa kimya ikilinda, na moyo ukianza mbio za hatari huupiga shoti. Ya tatu huzipatanisha pande mbili za moyo uliochoka ili zisukume pamoja. Boksi moja linaweza kufanya kazi mbili, hata zote tatu, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Nilikaa miaka 11 katika kliniki ya betri, na swali langu la kwanza kwa kila aliyeingia mlangoni lilikuwa hilo hilo: yako ni ipi? Nusu yao hawakujua. Nitaanza na barua ya binti wa Bukoba.

Mama anaanguka, wajomba wanasema majini

*Shikamoo Sista. Mama yangu ana miaka 71. Tangu mwaka jana anaanguka ghafla, mara shambani, mara akichota maji. Anapauka, mikono inatetemeka kidogo, halafu anaamka na kuuliza kwa nini tumemzunguka. Mganga alisema majini. Zahanati walimpa dawa ya kifafa. Mwezi uliopita daktari alimpima, mapigo 32, akasema awekewe betri. Wajomba hawataki. Wanasema kibanja kitauzwa, na kwamba mwenye betri hafi vizuri, moyo unaendelea kupiga hata kaburini.*

Marahaba mwanangu. Hiyo 32 ndiyo barua nzima. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100 kwa dakika. Umeme wake huzaliwa chumba cha juu upande wa kulia, ukashuka kwa njia nyembamba mpaka vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Kwa wazee njia hiyo wakati mwingine hukatika. Vyumba vya chini havifi. Vinajipigia vyenyewe, polepole, 30 au 40, na mara nyingine vinasita sekunde kadhaa. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde hizo mama anaanguka, na ubongo huohuo uliokosa damu ndio unaotetemesha mikono. Ndiyo maana zahanati waliona kifafa. Siwalaumu sana, nami nimewahi kumwandika mgonjwa hivyo hivyo kabla sijamshika mkono nikahesabu. Ila mwenye kifafa mara nyingi huamka amechanganyikiwa na usingizi mzito. Mwenye moyo uliosita huamka kama mama yako, anauliza mnatazama nini.

Jifunze kuhesabu leo. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, saa mkononi, dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwa mapigo ya namna hii utakosea.

Betri anayohitaji mama ni ile ya kwanza, ya kukumbusha. Boksi la titani ambalo si kubwa kuliko kiberiti cha kawaida, likiwa bapa zaidi, hulazwa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Waya mmoja au miwili hupitishwa ndani ya mshipa wa damu mpaka moyoni. Hapasuliwi kifua. Anachomwa ganzi ya pale pale, yuko macho, anasikia wanavyoongea, na mara nyingi saa moja au zaidi kidogo inatosha. Mama mmoja aliwahi kuimba pambio tangu mwanzo hadi mwisho, daktari akamwomba apunguze sauti.

Kuhusu kaburini, waambie wajomba hivi: betri haisukumi damu. Inatoa cheche ndogo, na msuli wa moyo ndio unaoitika. Msuli uliokufa hauitiki. Ni kama kubonyeza swichi ya taa iliyoungua. Umeme upo, mwanga hakuna. Mama siku yake ikifika atakufa kama watu wengine, na hakuna haja ya kulitoa boksi kabla ya kuzika. Wanaochoma maiti ndio lazima walitoe, kwa sababu betri hulipuka kwenye moto.

Na kama wanadhani hiki ni kitu kipya cha kujaribishia wazee, wasimulie habari ya Arne Larsson wa Sweden. Alikuwa na miaka 43, moyo wake ukisimama mara nyingi kwa siku. Mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewasumbua daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kumtengenezea mashine ambayo haijawahi kuwekwa ndani ya mwili wa mtu. Walipohitaji umbo la kumiminia plastiki yake walitumia kopo la kiwi, ile ya viatu. Tarehe 8 Oktoba 1958, Stockholm, akawekewa. Ilidumu saa chache ikafa. Wakaweka ya pili. Larsson alibadilishiwa vifaa mpaka vikafika 26, akaishi hadi 2001, akafa na miaka 86 kwa saratani. Daktari wake na mhandisi wake walishatangulia. Nampenda huyo mke kuliko wote waliomo kwenye hadithi.

Sasa kibanja. Kabla hamjauza hata mgomba mmoja, ombeni hospitali karatasi ya bei inayotaja aina ya betri, waya mmoja au miwili, na gharama za kliniki za baadaye. Kisha nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo na barua ya mtendaji wa kijiji. Watu wengi huuza kwanza ndipo wanauliza. Betri za siku hizi hukaa kama miaka 8 hadi 12. Haizimiki ghafla kama tochi. Kliniki huona miezi kabla kwamba inaelekea kuisha, na kinachobadilishwa ni boksi tu, nyaya hubaki.

Neno moja zaidi. Baada ya kuwekewa, pale mahali pakivimba, pakiwa pekundu au pakitoa maji, rudini hospitali ile ile. Mtu yeyote asipachome sindano wala kupapasua kama jipu. Nimeona mara mbili, na mara zote mbili ilibidi kila kitu kitolewe.

Nimeambiwa moyo umebaki robo

*Sista, nina miaka 29, mtoto wangu wa kwanza ana wiki 10. Nilivimba miguu, wakasema ni uzazi. Ikafika usiku silali chali, nakohoa, nakaa kitini mpaka asubuhi. Kipimo cha eko, ile picha ya moyo, kimeandika EF 25. Shemeji yangu ana rafiki anayepeleka wagonjwa India, anasema bila betri ya nyaya tatu sifiki mwaka, na anataka malipo ya kwanza kabla ya mwisho wa mwezi. Morogoro.*

Usilipe. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza usilipe.

EF 25 si kwamba robo ya moyo ndiyo iliyobaki hai. Ni sehemu ya damu inayotoka chumba kikubwa cha kushoto kila moyo unapobana. Mtu mzima wa afya hutoa kama 55 hadi 70 katika kila 100. Hakuna binadamu anayetoa zote. Kwa hiyo umeshuka, tena sana, lakini hesabu yako si 25 juu ya 100.

Ulichoeleza kinafanana na moyo kutanuka kwa sababu ya uzazi, ugonjwa unaowapata wanawake mwishoni mwa ujauzito au miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Huku kwetu unachelewa kugunduliwa kwa sababu kila dalili yake ina jina la uzazi. Miguu ikivimba, "ni uzazi". Akichoka, "mtoto halali". Akihema, anaongezewa uji wa pilipili manga, na yule ambaye mapafu yake yameshajaa maji anakunywa lita juu ya lita.

Jambo ambalo huyo dalali hakukuambia ni kwamba moyo huu, tofauti na mingine mingi iliyotanuka, una tabia ya kurudi. Wanawake wengi hupanda ndani ya miezi 6 wakitumia dawa vizuri, wengine huchukua mwaka au zaidi. Madaktari wa moyo hawakimbilii kuweka betri ya kudumu kwa mtu ambaye huenda baada ya miezi michache hataihitaji. Hata kwa wagonjwa wengine wa moyo uliochoka, utaratibu ni kumpa mtu dawa kamili kwa angalau miezi 3, kurudia eko, na kuona kama bado yuko 35 au chini. Ile ya nyaya tatu, yaani ile ya kupatanisha pande mbili, ina sharti la ziada: kipimo cha umeme wa moyo kionyeshe kwamba pande mbili haziendi pamoja. Umeandika habari za eko tu. Je, hicho kingine ulipimwa? Kama hujapimwa, huyo dalali aliijuaje betri yako?

Nisieleweke vibaya: ugonjwa huu unaua, na kuna wachache wanaohitaji mashine mapema. Ila uamuzi huo hautoki kwa shemeji. Omba rufaa kwa daktari wa moyo wiki hii. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, na Morogoro si mbali. Mwambie unanyonyesha, maana dawa zinachaguliwa kwa kulitazama hilo. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 2 au 3, hayo ni maji, nenda ukaonwe. Chumvi ipunguze, na magadi kwenye mboga uyaache.

Na usishike mimba nyingine mpaka eko irudiwe na daktari akuambie wazi. Kitanzi au kijiti vinakufaa. Vidonge vya mchanganyiko, vyenye estrojeni, si vyako. Najua mama mkwe ataanza kuuliza mtoto wa pili lini. Mpe makala hii asome.

Mashine imenipiga mara mbili nikichomea geti

*Mimi ni fundi wa kuchomea mageti na madirisha, Mombasa, umri 46. Niliwekewa mashine ya shoti mwaka juzi baada ya moyo kunisimamia. Mwezi wa tatu nilipanda ngazi na mtungi wa gesi, nikaona giza, nikaamka niko chini. Kliniki wakasema mashine imeniokoa. Jumamosi iliyopita nilikuwa nachomea, niko timamu kabisa, ikanipiga. Sijakaa sawa, ikanipiga tena. Kama teke la punda. Sasa mke wangu amehama kitanda, ati nitamuua kwa umeme. Naweza kudai itolewe?*

Kaka yangu, ulipigwa mara mbili ukachukua kalamu ukaniandikia mimi! Sheria ambayo ulipaswa kupewa siku unatoka wodini ni hii: shoti moja na unajisikia vizuri, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Shoti mbili au zaidi ndani ya saa 24, au moja tu lakini kifua kinauma, unahema au unazimia, ni hospitali sasa hivi, na usiendeshe gari mwenyewe. Kama bado hujaenda, liweke gazeti chini uende.

Ukifika, wataweka kifaa mfano wa kipanya cha kompyuta juu ya kifua na mashine itatoa kumbukumbu yake: tarehe, saa, na mchoro wa kile ilichokisikia sekunde chache kabla ya kupiga. Hapo hakuna kubahatisha. Ile ya mwezi wa tatu, giza kwanza kisha shoti, ni mashine iliyofanya kazi yake. Hii ya Jumamosi ina sura nyingine. Ulikuwa timamu, mashine ya kuchomelea inanguruma mkononi. Mashine yako haina macho, ina masikio tu kwenye ncha ya waya. Kelele ya umeme wa kuchomelea inaweza kuingia masikioni humo, nayo ikadhani moyo umeingia wazimu. Waya uliovunjika ndani nao hufanya hivyo hivyo. Na inawezekana vilevile kwamba moyo wako kweli ulienda mbio na hukuhisi. Matatu haya yana tiba tatu tofauti, ndiyo sababu nasisitiza isomwe.

Kuhusu kazi: usichomelee tena mpaka wasome. Baada ya hapo, wapo mafundi wanaorudishwa kazini kwa masharti: umeme mdogo, mashine ya kuchomelea isikaribie kifua, angalau sentimita 60, nyaya zake zisikuzunguke wala usizipitishe begani, glavu kavu, kibanio cha ardhi kiwe karibu na pale unapochomea, na usifanye kazi peke yako. Kiasi cha umeme kinachoruhusiwa kinatofautiana kwa kila kampuni, kimo kwenye kitabu kilichokuja na mashine yako ya shoti. Uchomeleaji wa gesi hauna tatizo hilo la umeme. Ngazi ndefu juu ya ghorofa, hapana, kwa sababu ukizimia hata sekunde 8 utakuwa umeshafika chini.

Simu usiiweke mfuko wa shati upande wa mashine. Acha sentimita 15, ongea kwa sikio la upande mwingine. Simu nyingi za sasa zina sumaku mgongoni, na sumaku ikilala juu ya mashine yako inaweza kuifanya isipige shoti wakati wa haja. Hili ni zito kuliko maikrowevu ambayo kila mtu ananiuliza. Maikrowevu nzima haina neno. Jiko la induksheni simama nalo mbali kidogo, sentimita 60. Uwanja wa ndege onyesha kadi yako, pita langoni bila kusimama.

Sasa mkeo. Mwambie dada yangu arudi kitandani. Mashine ikipiga wakati amekugusa, atakachosikia ni mshtuko mdogo wa kuwasha, pengine asisikie kitu. Haiwezi kumdhuru. Na kwa kuwa nawajua wanaume, swali ambalo hukuliandika nalijibu: ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema sana, na kliniki wameshaiweka mashine sawa, mambo ya nyumbani unayaweza.

Kudai itolewe unaweza, ni mwili wako. Ila fikiria aliyeibuni. Michel Mirowski, daktari mzaliwa wa Warsaw, alikuwa Israel mkuu wake alipougua mbio hizi za moyo. Walijua zinaweza kurudi, lakini kumlinda kungehitaji akae wodini maisha yake yote. Mkuu yule alikufa. Mirowski akaamua kwamba kama mtu hawezi kuishi hospitali, mashine ya hospitali na iishi ndani ya mtu. Wenzake walimwona kachanganyikiwa. Ya kwanza iliwekwa Baltimore, Marekani, Februari 1980, na wakati huo ilibidi kifua kipasuliwe. Yako ilikuokoa kwenye ngazi mwezi wa tatu kwa faida ya wazo hilo. Iwekwe sawa kwanza, kisha tuzungumze habari ya kuitoa. Mara nyingi mashine hupangwa upya ijaribu kwanza kuushika moyo kwa mapigo ya haraka yasiyouma, shoti ibaki ya mwisho.

Na hofu unayoiona kila ukishika mashine ya kuchomelea, iseme kliniki. Nimeona wanaume wenye mabega kama yako wakitetemeka kwa kusikia mlango umefungwa kwa nguvu. Inatibika.

Kwikwi isiyokwisha

*Assalaam aleikum. Mimi mzee wa Wete, Pemba, miaka 74. Miezi minne sasa nina betri ya nyaya tatu. Kuhema kumepungua, alhamdulillahi, naenda msikitini kwa miguu. Lakini nikilala ubavu wa kushoto tumbo linaruka-ruka kama kwikwi. Majirani wanasema wanayoyasema. Tena nataka kujua habari ya sijda na saumu.*

Waaleikum salaam, shikamoo mzee wangu. Wewe unajua betri yako ni ipi, na nimefurahi.

Wewe ni mtu wa pwani, utanielewa upesi. Mtumbwi wenye makasia mawili, la kushoto likichelewa, nguvu ipo lakini chombo hakiendi. Moyo wako ulikuwa hivyo. Waya wa tatu umepitishwa kwenye mshipa unaozunguka nyuma ya moyo ili kasia la kushoto lipige pamoja na la kulia. Lakini nyuma huko, jirani kabisa, unapita mshipa wa fahamu unaoamrisha kiwambo cha kupumulia. Cheche ya betri ikimgusa jirani huyo, kiwambo kinaruka, na ukilala ubavu wa kushoto moyo unamsogelea zaidi. Hiyo ndiyo kwikwi yako. Si jini, mzee. Kliniki watapunguza nguvu ya cheche au kubadili ncha ya waya inayotoa umeme, yote kwa kompyuta, wewe umelala kitandani unaongea nao. Mara chache sana ndipo waya husogezwa kwa kisu. Nenda mapema, usingoje tarehe ya kadi.

Sijda na rukuu hazina neno. Wiki za mwanzo ndizo zilizokuwa na miiko, mkono wa kushoto usipande juu ya bega hata kwenye takbira. Miezi minne imepita, inua. Saumu si suala la betri, ni suala la moyo na dawa ya kupunguza maji unayoimeza asubuhi. Kufunga mchana kutwa kwenye joto ukiwa na dawa hiyo kunaweza kukuangusha. Daktari wako akuambie mwili wako unaweza nini, kisha ulipeleke jibu lake kwa sheikh, kwa mpangilio huo.

Kwa kifupi

*Nairobi: rafiki wa kanisani anatoka Marekani, ana betri iliyotolewa kwa marehemu baba yake, anataka kuileta kwenye begi kwa ajili ya mjomba.* Wazo si baya, begi ndilo baya. Chuo Kikuu cha Michigan kina mradi unaokusanya betri za marehemu kwa ridhaa ya familia, kuzipima, kuzisafisha na kuziua vijidudu kitaalamu. Waliwawekea watu karibu 300 katika nchi 7, Kenya ikiwemo, wakilinganisha zilizotumika na mpya, na matokeo waliyoyatangaza Novemba 2024 yalionyesha zilizotumika hazikuwa duni. Rafiki yenu aikabidhi huko. Ya begini daktari yeyote mwenye akili ataikataa.

*Arusha, kidato cha tatu: kaka alifia uwanjani, mimi nimekutwa na msuli mnene wa moyo, daktari anataka kuniwekea mashine ya shoti. Eriksen, yule mwanasoka wa Denmark, anacheza nayo, kwa nini mimi nizuiwe?* Pole sana mwanangu. Eriksen alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, na siku ile aliokolewa na mikono iliyombonyeza kifua na mashine ya shoti iliyokuwa pembeni ya uwanja. Yake ya ndani aliwekewa baadaye. Italia haikumruhusu kuichezea Inter akiwa nayo. England ikamruhusu, akaenda Brentford. Kwa hiyo hata wakubwa hawakubaliani. Moyo wake na wako si moyo mmoja, na uwanja wenu wa shule hauna daktari pembeni. Kubali mashine, mpira zungumza na daktari ukiwa na mzazi. Na ndugu zako wote wa tumbo moja wapimwe eko, hata wasioumwa.

Baba anaondoka, mashine haitaki

*Sista, naandika kutoka Muscat. Baba yuko Tanga, ana miaka 81. Mashine ya shoti aliwekewa huku 2016 alipokuwa akiishi nami. Sasa moyo umechoka, na ini lina saratani. Hospitali wamesema akauguzwe nyumbani. Alhamisi usiku mashine ilimpiga mara tatu. Wajukuu walipiga kelele. Baba amesema, "Niambieni kosa langu." Kuizima ni kumuua?*

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaenda kuchuma mchicha, nikarudi.

Hapana, si kumuua. Sikiliza kwa utulivu. Mashine ya baba ina kazi ya shoti, na huenda pia ina kazi ya kukumbusha moyo kupiga. Zinazimwa kila moja peke yake. Kinachozimwa kwa mtu aliye katika hali ya baba ni shoti. Ya kukumbusha huachwa, haiumi. Shoti ikizimwa baba hafi dakika ile, hasikii chochote, hakuna kisu. Kinachobadilika ni kwamba moyo wake ukifika mwisho wake, utaachwa ufike. Moyo unaokufa mara nyingi huingia katika mbio zile zile ambazo mashine imefundishwa kuzipiga, nayo itapiga tena na tena, mpaka wakati ambapo watu wanamsomea Yasini.

Miaka mingi nyuma niliitwa nyumbani kwa mzee mmoja usiku wa namna hiyo. Nilikwenda na mkoba wenye kila kitu isipokuwa sumaku. Nilihesabu shoti tisa. Tangu hapo sumaku ilikaa mkobani mwangu mpaka nilipostaafu, na ipo hapa kwenye droo.

Daktari wake azungumze na baba mwenyewe maadamu anaelewa. Sentensi aliyoisema inaonyesha anaelewa sana. Kama mnataka kauli ya sheikh, mwambieni sawasawa kinachozimwa na kinachobaki, kwa maana akiambiwa "tunazima moyo wa baba" atajibu kitu ambacho hakuna aliyekiuliza.

Kuizima kabisa kunahitaji kompyuta, na hapa ndipo familia hukwama: kompyuta ya kampuni moja haisomi mashine ya kampuni nyingine. Itafute kadi ya baba leo, kama ilibaki huko kwako Muscat ipige picha mbele na nyuma uitume Tanga. Aliye na baba aipigie simu kliniki ya betri asome jina la kampuni na namba ya mashine, aulize kama wana kompyuta yake, na kama mtu anaweza kuja nayo nyumbani ili mzee asibebwe. Wakati mnasubiri, waulize kuhusu sumaku ya duara ya hospitali. Kwa mashine nyingi, ikilazwa juu yake na kubandikwa plasta, shoti hutulia kwa muda wote inapokaa pale. Ikianguka, mashine huamka, kwa hiyo lazima kuwe na mtu macho.

Usiku wa leo awepo mkubwa mmoja chumbani, na wajukuu walale nyumba ya shangazi.